Chini ya Mkarafuu

Msimu wa karafuu ukifika, vijana wa Kizimbani na Kidichi hukwea mapema, pakacha begani. Mti wa mkarafuu ni mwepesi wa kukatika. Tawi laonekana zima, kumbe limeoza ndani. Kijana akianguka, watu humzunguka mara moja. Huyu humshika makwapa, yule miguu, wakamkunja na kumpakia garini, mbio hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Wanafanya hivyo kwa mapenzi.

Mkono uliovunjika utaunga, na msimu ujao utashika pakacha tena. Lakini uti wa mgongo ukiumia, miguu ndiyo haiamki. Familia huuliza, na ina haki ya kuuliza: mfupa mgumu umeunga, vipi ule ugwe laini uliomo ndani ya uti wa mgongo, unene wake kama kidole cha mwisho, usiunge?

Si kwamba neva haziwezi kuota. Muuza samaki akijikata neva kwenye kifundo cha mkono ikashonwa vizuri, nyuzi zake huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni safari ya nusu mwaka hivi, na hisia hurudi, japo si zote. Mkononi zipo seli zinazofagia mabaki na kuufungulia uzi mpya njia.

Ndani ya ubongo na ugwe, uzi uliokatika hujaribu kuota, kisha hukwama. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliuona mkwamo huo kwa darubini: ncha za nyuzi zimevimba mfano wa vichwa vya karafuu, zimesimama palepale.

Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kwenye ugwe wake. Nyuzi zilizodhaniwa tasa ziliota ndani ya kipande kile, sentimita kwa sentimita. Zilipotoka upande wa pili na kuingia tena kwenye ugwe, zikasita. Mbegu ilikuwa hai. Udongo ndio uliokataa.

Udongo huo una mengi. Utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za ubongo na ugwe hubeba protini zinazozuia ukuaji. Martin Schwab wa Zurich alifuatilia mojawapo, ikaitwa Nogo. Kovu nalo hulizingira jeraha, likalinda sehemu iliyo nzima na papo hapo likaziba njia. Tena seli yenyewe, ikishakomaa, hupunguza nguvu zake za kuota. Maabara zinapambana na yote hayo, lakini dawa ya kuunga ugwe uliokatika bado haijapatikana, na anayemuuzia mgonjwa sindano ya kuuunga anamdhulumu.

Kwa hiyo turudi chini ya mti. Mara nyingi ugwe wa aliyeanguka haukukatika wote. Nyuzi nyingine zi hai, zimebanwa na mfupa au damu, na kumkunja kunaweza kuzimaliza. Saa zinazofuata, uvimbe na uhaba wa damu huua nyingine. Daktari anaweza kuondoa mbano; kilichokatikia njiani hawezi kukirudisha.

Akiwa anapumua, aachwe alivyolala. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kwa viganja viwili, asikiachie. Ubao mpana utafutwe, au mlango ung'olewe. Watu wanne wamgeuze kwa hesabu moja, mwili mzima kama gogo, ubao uingie chini yake. Mabega na nyonga zifungwe kwa kanga, kichwa kikazwe pande mbili kwa nguo zilizokunjwa. Na dereva apite mashimo taratibu, hata ndugu walioko nyuma wakimpigia kelele akaze mwendo.