Vigae vya Gango-ji



Tulipofika Nara, mji wa kale wa Japani, tulizuru mtaa uitwao Naramachi. Mtaa huo umejengwa juu ya kiwanja cha hekalu la Gango-ji, lililohamishiwa Nara mwaka 718. Zamani hekalu hilo lilikuwa kubwa mno. Lakini nguvu zake zilipungua, na moto wa mwaka 1451 uliteketeza ukumbi wake mkuu. Basi palipokuwa pa watawa, watu wakajenga nyumba na maduka.

Tulipita katika vichochoro vyake. Nyumba za wafanya biashara ni nyembamba kwa mbele, lakini zaenda mbali kwa nyuma. Penye upenu hutundikwa sanamu ndogo za kima, za kitambaa chekundu, ambazo husemekana hupokea mabaya badala ya wenye nyumba.

Kisha tukatazama paa la Gango-ji. Baadhi ya vigae vyake vilifinyangwa Asuka, yapata miaka 1,400 iliyopita, vikaletwa hekalu lilipohama. Na hata leo vyakinga mvua, vimelazwa pamoja na vigae vipya.

Ndugu zetu, hapo tulijiona haya. Vitu vya wazee wetu ama twavitupa kwa kuwa vimechakaa, ama twavifungia kabatini kwa kuwa ni vya thamani. Ukumbi mkuu umekwisha toweka; kigae kilichobaki kazini kimedumu. Je, lugha na desturi tulizoachiwa, tumezipa kazi gani?