Kila Mtu na Kazi Imfaayo
(Hotuba kwa viongozi wa matawi)

Ndugu viongozi,

Leo hatukuja kuwadai ada. Tumekuja kusema juu ya jambo moja livunjalo matawi yetu: kumpa mtu kazi isiyomfaa, kisha kumlaumu.

Sisi wenyewe tumekosa hivyo. Katika tawi moja tulimchagua mzee mmoja awe mweka hazina kwa sababu alisema vizuri mkutanoni. Mzee huyo hakai kitako. Kila siku yu njiani, akizungumza na watu. Alipokea ada barazani, stakabadhi asiandike. Mwaka ulipokwisha hesabu hazikulingana, na watu wakamwita mwizi. Hakuiba hata senti moja! Tulipomfanya mtafuta wanachama, na daftari tukampa fundi cherehani, mtu mkimya aliyezoea kupima kabla ya kukata, wanachama waliongezeka na hesabu zikanyooka. Lakini aibu aliyoipata mzee yule ilikuwa kosa letu.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955, ilipotaka kuwaingiza wanawake, haikutafuta mwenye shahada. Ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Naye akaanza kwa watu aliowajua, viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakaja na wenzao. Tena Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu. Serikali akamwachia Bwana Rashidi Kawawa, aliyepata kuongoza vyama vya wafanyakazi. Yeye akaenda kukijenga chama kwa wananchi. Hakuona haya kuacha cheo, maana aliitazama kazi.

Basi tukirudi matawini tuulize kwanza: Ndugu huyu hufanya kazi gani vizuri bila ya kusukumwa? Tusiulize kabila wala umri, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Kisha tumpe shabaha ya kazi yake. Mtafuta wanachama apimwe kwa kadi, mweka hazina kwa stakabadhi, katibu kwa barua zilizojibiwa. Na aliyeshindwa tumhamishe kwa heshima, kabla watu hawajamtukana.

Jembe halikati mti, wala shoka halilimi shamba. Lakini yote mawili ni chuma, na nyumba yataka yote mawili.

Uhuru na Kazi!