Soketi ya Stima na Mtoto Anayetambaa

MADA: Usalama wa soketi za stima nyumbani
WALENGWA: Akina mama na walezi wa watoto wadogo
MUDA: Dakika 12

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nazungumza nawe mama, nawe nyanya unayemlea mjukuu, na nawe dada unayeachiwa mtoto mchana kutwa wazazi wakiwa kazini. Baba naye akiwa karibu asiondoke, kwa maana kuna kazi humu zitakazomhitaji.

Mada yetu ni soketi ya stima, ile iliyo ukutani ambapo tunachomeka simu, pasi na televisheni.

Mtoto akifikisha miezi minane hivi huanza kutambaa. Sisi watu wazima huitazama soketi tukiwa tumesimama. Yeye huikuta mbele ya uso wake. Anaona matundu, na kazi ya mtoto wa umri huo ni kutia kitu kwenye tundu. Atajaribu kidole. Kisipoingia, atatafuta msumari, pini ya nywele au mpini wa kijiko.

Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni ya volti 240. Mkono wa mtoto mara nyingi umelowa mate, na ngozi iliyolowa hupitisha stima kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Stima ikipita kifuani inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuzuia pumzi. Ikipita mkononi inaweza kuchoma nyama ya ndani huku juu ya ngozi ukiona alama ndogo tu.

SOKETI YAKO INA MLINZI WAKE

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Soketi zetu za matundu matatu ya bapa zilibuniwa Uingereza, na kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1947. Waliozibuni walimfikiria mtoto. Ndani ya yale matundu mawili ya chini mna vijilango vidogo vya plastiki vilivyofungwa. Stima iko nyuma ya vijilango hivyo. Tundu la juu halina stima; linapokea pini ya juu ya plagi, ambayo kazi yake ni kupeleka ardhini stima iliyovuja.

Itazame plagi ya pini tatu. Utaona pini ya juu ni ndefu kuliko zile mbili. Hiyo ndiyo ufunguo. Ikitangulia kuingia, husukuma vijilango, navyo hufunguka kuzipokea pini mbili za chini. Ukichomoa plagi, vijilango hujifunga vyenyewe.

Basi mlinzi yupo. Shida ni kwamba sisi wenyewe tunamfukuza.

Tunamfukuzaje? Ingia nyumba yoyote jioni, simu zikiwekwa chaji. Chaja ni ya pini mbili, soketi ni ya matundu matatu. Mtu anachukua kalamu ya biro au kijiti, anakidunga kwenye tundu la juu, vijilango vinafunguka, chaja inaingia. Tumezoea hata hatuoni ajabu. Lakini fikiria matokeo yake.

Kwanza, kijiti kikivunjikia ndani, vijilango hubaki wazi usiku na mchana. Soketi hiyo haina ulinzi tena.

Pili, chaja ya pini mbili hailingani na soketi hiyo. Inalegea, inatoa cheche, inapata moto. Ndiyo maana plastiki ya soketi nyingi imegeuka kahawia.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtoto anatazama. Mtoto wa miaka mitatu akikuona ukidunga kitu kwenye soketi kila siku, naye atadunga. Hatachagua kalamu ya plastiki. Atachukua kitu chochote kilicho karibu, kikiwemo cha chuma.

Kwa hivyo, mama, agizo la kwanza la leo ni hili: kuanzia leo hakuna kijiti kwenye soketi. Nunua chaja ya pini tatu, au adapta ya pini tatu inayopokea chaja yako. Hakikisha ina alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS.

VIFUNIKO VYA PLASTIKI JE?

Mama wengine huuliza kuhusu vile vifuniko vya plastiki vinavyouzwa supamaketi, vya kuchomeka kwenye soketi ili mtoto asiguse. Wanavinunua kwa nia njema. Lakini kwa soketi zetu za vijilango, havisaidii na vinaweza kudhuru. Ili kifuniko kiingie, ni lazima kifungue vijilango. Vingi havina vipimo sawa na plagi halisi. Vinaweza kupanua sehemu za ndani za soketi, au kuvunjika vikaacha vijilango wazi. Mtoto naye huweza kukichomoa na kukirudisha juu chini, pini ikiingia kwenye tundu la juu huku matundu yenye stima yakibaki wazi mbele yake.

Mwaka wa 2016 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa ilani kwa hospitali na nyumba za kutunzia watu nchini England kwamba vifuniko hivyo visitumike, na vilivyopo viondolewe. Soketi zao ni kama zetu. Kwa hivyo pesa hizo tumia kununua soketi nzuri.

KAGUA NYUMBA YAKO LEO

Kazi hii haichukui nusu saa. Chukua tochi. Zima swichi ya soketi, kisha tazama matundu mawili ya chini kwa macho tu, bila kudunga chochote.

1. Ukiona plastiki imeziba matundu yote mawili, vijilango vipo. Ukiona chuma kinang'aa ndani, vijilango havipo au vimekwama. Soketi hiyo ibadilishwe.

2. Tazama sura ya soketi. Ikiwa imepasuka, imelegea ukutani, imegeuka rangi, ina harufu ya kuungua au hutoa mlio ukichomeka kitu, usiitumie. Usiifunge kwa selotepu ukadhani umeitengeneza.

3. Tazama ekstensheni yako. Zile zenye matundu ya kupokea plagi za kila aina mara nyingi hazina vijilango, na hulazwa sakafuni pale pale mtoto anapochezea. Iinue mahali asipofika, au uibadilishe kwa yenye matundu matatu ya bapa na vijilango.

4. Hesabu mzigo. Soketi moja au ekstensheni ya kawaida hubeba ampi 13, yaani kama wati 3,000. Birika la stima huweza kula wati 2,000 na pasi wati 1,200. Ukivitumia pamoja kwenye ekstensheni moja umeshapita kiasi, na waya utapata moto. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote unapoitumia kwa vitu vizito, kwani waya uliojikunja hushika joto zaidi.

5. Tazama nyaya. Waya uliochubuka ukaonyesha shaba usifungwe kwa nailoni. Waya usining'inie mezani, mtoto atauvuta na birika la maji moto litamwangukia.

6. Fyuzi ya plagi ikiungua, weka fyuzi nyingine ya kiasi hicho hicho. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi inakatika ili waya usishike moto. Ukiweka waya badala yake, patakaposhika moto ni nyumba.

7. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga: ichomeke ikiwa tayari ndani ya maji, izime soketini na uichomoe kabla hujayagusa maji. Mtoto asibaki chumbani nayo hata dakika moja. Usishike soketi wala plagi kwa mkono uliolowa.

Tabia moja zaidi: zima swichi ya soketi kila umalizapo kuitumia, na uchomoe chaja. Watoto hupenda kutia mdomoni ncha ya waya wa chaja.

KAZI ZA FUNDI

Kubadilisha soketi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Mwombe akuonyeshe leseni. Ukiwa umepanga, mweleze mwenye nyumba au msimamizi wa ploti. Mkiwa wapangaji kadhaa wenye shida hiyo hiyo, nendeni pamoja. Sauti ya wengi husikika.

Fundi akija, mwulize maswali mawili. Je, nyaya za nyumba hii zimeunganishwa ardhini? Je, kuna kifaa cha RCD kwenye boksi la swichi kuu? RCD huhisi stima ikivuja kiasi kidogo cha miliampi 30, ikaikata chini ya nusu sekunde. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Stima ikikatika, kifaa kinafanya kazi. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hiki, na hakuna kinachoweza kumwokoa mtoto kwa haraka kukipita.

MTOTO AKINASWA NA STIMA

Mama, hapa ndipo moyo hukimbia kuliko akili. Usimshike! Ukimgusa akiwa bado amenaswa, nawe utanaswa, na hapatakuwa na wa kuwaokoa.

Zima swichi ya soketi au swichi kuu. Ukishindwa, simama mahali pakavu, umsukume mbali na stima kwa kitu kikavu cha mti au plastiki, kama ufagio au kiti. Usitumie chuma wala kitu kilicholowa.

Ukishamtoa, tazama kama anapumua. Kama hapumui, piga ukelele wa msaada, mtu apige 999 au 112. Mlaze chali sakafuni, inua kidevu kidogo, mpulizie pumzi tano za pole pole. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kiingie ndani kwa theluthi moja, umpulizie pumzi mbili. Rudia hivyo hadi apumue au msaada ufike.

Akiwa anapumua lakini ameungua, mwagia palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia.

Kisha mpeleke hospitali, hata kama ameacha kulia na anacheza. Nimeeleza kwamba stima huchoma kwa ndani, na moyo unahitaji kuchunguzwa. Na kama aliungua mdomoni kwa kutafuna waya, jihadhari na siku za baadaye. Gaga la kidonda likidondoka, kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi, mshipa wa mdomo unaweza kutoa damu nyingi ghafla. Ikitokea, bana mdomo kwa kidole gumba na cha shahada ukitumia kitambaa safi, usiachilie, mkimbilie hospitali.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Hakuna kijiti kwenye soketi.
- Vijilango ndivyo mlinzi. Visipofunga, soketi ibadilishwe.
- Ekstensheni isiwe mahali mtoto anapofika.
- Zima stima kwanza, ndipo umguse aliyenaswa.
- Kila mtoto aliyepigwa na stima aende hospitali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako kuna soketi ngapi ambazo mtoto anayetambaa anaweza kuzifikia?
2. Swichi kuu iko wapi, na je, yule unayemwachia mtoto anapajua?
3. Katika ploti yenu, nani atamfikia mwenye nyumba kuhusu soketi mbovu?

Swali la pili lijibu leo kabla ya kulala. Mshike mkono dada au nyanya, mwonyeshe ilipo swichi kuu, aizime na kuiwasha yeye mwenyewe.