Kabla ya Kufunga Spoila Nyuma ya Gari

Maneno ya mazungumzo na wamiliki wa magari na mafundi, Kata ya Kizwite, Manispaa ya Sumbawanga

Leo tunazungumzia kitu kidogo, spoila, yaani lile bawa au ukingo unaofungwa juu ya buti au nyuma ya paa la gari. Tumekichagua kwa sababu spoila aghalabu hununuliwa kwa kutazama picha ya simu, hufungwa bila hati yoyote ya kazi, na ikichomoka njiani haimwangukii aliyeinunua. Humwangukia anayefuata nyuma, naye mara nyingi yuko juu ya bodaboda.

Tuanze na kazi halisi ya spoila, maana hapo ndipo maneno ya biashara yanapoanza kupinda. Gari linapokwenda, hewa hupita juu ya paa na kushuka nyuma, na kwa magari mengi mwendo huo huyapunguzia kidogo magurudumu ya nyuma mgandamizo wake. Spoila iliyobuniwa vema huikatiza hewa hiyo ili sehemu ya nyuma isiwe nyepesi. Kwamba umbo linaweza kuiongoza hewa si habari ngeni katika nchi hii. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizojivutia upepo zenyewe bila mivukuto. Wala hatusemi kwamba spoila ni upuuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Audi ya Ujerumani iliuza gari lake la TT bila spoila. Baada ya ajali kadhaa za mwendo mkubwa katika barabara kuu za huko, kampuni iliyaita magari hayo na kuyafungia spoila ya nyuma pamoja na marekebisho mengine.

Lakini angalieni neno hilo, mwendo mkubwa. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tumefanya makisio ya bawa la kawaida, lenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 15. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini, bawa hilo hulikandamiza gari kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja hivi, sawa na pakiti moja ya sukari. Kwa kilomita 100 hufikia kilo nne au tano. Toyota Altezza, gari ambalo vijana wetu wengi hulipenda, lina uzito unaozidi kilo 1,300. Isitoshe, Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa hiyo hata kazi ndogo ya spoila huku hupungua zaidi.

Tena kuna magari ambayo spoila haiyasaidii hata kwa hesabu hiyo. Altezza husukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota IST ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na mzigo unaowekwa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma huyainua ya mbele kidogo, kama ubao wa bembea. Muuzaji anayemwambia mwenye IST kwamba spoila italifanya gari lake lishike barabara kwenye kona za kushuka Lyamba lya Mfipa anauza kitu ambacho hakimo ndani ya boksi. Kinachoshika kona ni tairi zenye kashata, breki nzima, shoksi nzima na mguu wa dereva.

Basi spoila kwa wengi wetu ni pambo. Kununua pambo ni haki ya mtu na hatuna neno nalo. Gari ni la mwenyewe, na macho yana haki zake. Tatizo huanza pambo linapouzwa kwa bei na kwa maneno ya kifaa cha usalama. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo Tume yetu inaisimamia, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au manufaa ya bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Ili sheria hizo ziwafae, maelezo lazima yawe yameandikwa mahali. Mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti, au walau katika ujumbe wa simu, aina ya spoila, inafaa gari gani na la toleo gani, na imetengenezwa kwa kitu gani. Mwenye bidhaa safi hasiti kuandika.

Suala la kutengenezwa kwa kitu gani lina uzito wake. Sokoni kuna spoila za plastiki, za faiba, na za faiba ya kaboni ambazo bei yake ni ya juu mno. Kuna pia plastiki iliyovishwa karatasi ya plastiki yenye michoro ya kaboni. Mgeuzeni huyo mnyama tumboni: tazameni upande wa chini, kwenye kingo na kwenye matundu ya bolti, ambako karatasi huishia na ukweli huanza. Faiba ya kaboni ni nyepesi kwa ukubwa wake; ile inayoelemea mkono kama ubao wa meza haistahili bei hiyo. Kuhusu faiba ya kawaida, pigeni kwa kucha na msikilize. Penye mlio uliofifia aghalabu pana nyufa au tabaka zilizoachana.

Wengi wenu huagiza Kariakoo na kupokea mzigo kwa basi, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hapo tunawasihi msiondoke stendi kabla ya kufungua boksi. Mnunuzi aliyepewa nafasi ya kukagua bidhaa akaipokea bila neno hudhoofisha dai lake juu ya kasoro iliyokuwa wazi machoni. Pigeni picha boksi likiwa bado limefungwa, kisha likifunguliwa. Ujumbe wa malipo ya simu utunzwe, risiti ya EFD idaiwe. Malipo yaliyotumwa kwa namba binafsi ya mtu asiye na duka wala jina la biashara ni vigumu kuyafuatilia, na hatutaki kuwadanganya kwamba tunaweza kila mara.

Sasa tuje kwenye kufunga, na hapa tunaomba mafundi watusogelee, kwa kuwa ndiko hatari iliko.

Njia ya kwanza ni utepe wa gundi wa pande mbili. Utepe mzuri hushika vizuri, lakini una masharti ambayo baridi ya Ufipa huyavunja kila mwaka. Watengenezaji wa tepu za aina hii hushauri bodi ya gari iwe na joto la nyuzi 21 hadi 38 za Selsiasi wakati wa kubandika, na huonya dhidi ya kubandika chini ya nyuzi 10. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu mnazifahamu. Gari lililolala nje likibandikwa spoila saa moja asubuhi, gundi haiingii kwenye rangi. Hukaa juu yake tu, nayo huonekana imeshika. Fanyeni kazi hiyo mchana, gari likiwa limepata jua, baada ya kulifuta vumbi na nta kwa spiriti na kuliacha likauke. Kisha gundi huhitaji kama saa 72 kufikia nguvu yake yote. Kwa siku hizo tatu gari lisioshwe, na lisipelekwe safari ya Tunduma. Mteja anayemharakisha fundi ili jioni hiyohiyo aende Laela kuonyesha gari lake anajiandalia hasara, na fundi mwema humkatalia.

Njia ya pili ni bolti, ambazo ni imara zaidi lakini huliachia gari majeraha. Kila tundu lililotobolewa kwenye kifuniko cha buti hufika kwenye chuma kitupu. Kisipopakwa praima na rangi kabla ya bolti kuingia, mvua za masika zitakikuta, na kutu itatembea chini ya rangi muda mrefu kabla haijaonekana. Pasipo washa ya mpira na silikoni, maji huingia ndani ya buti hadi kwenye tairi la akiba. Chini ya kifuniko panatakiwa washa pana ya chuma au bamba, ili mtikisiko wa barabara za vumbi usilichane bati kidogo kidogo. Bawa zito huweza pia kuzishinda springi za buti. Kifuniko ambacho zamani kilisimama chenyewe sasa huangukia kichwa cha anayepakia mzigo. Kabla ya kulipa, fungueni buti na mlitazame kama linasimama.

Jambo moja hatukubali lipuuzwe: taa ya breki ya katikati. Spoila isiyofaa gari huiziba, au fundi huikata waya ili ipite. Anayewafuata usiku au katika ukungu wa plato huitegemea taa hiyo. Spoila isizibe namba ya gari wala kioo cha nyuma, na kama gari limebadilishwa rangi kulingana na pambo jipya, taarifa za kadi ya gari nazo zirekebishwe TRA. Mwenye bima kubwa aijulishe kampuni yake kwa maandishi. Mkataba wa bima hujengwa juu ya nia njema kabisa, na badiliko lililofichwa huwa kisingizio siku ya madai.

Huenda fundi akauliza: nami nikipewa spoila mbovu na mteja, kosa ni la nani? Fundi anayepokea kazi kwa malipo huwajibika kuifanya kwa uangalifu na ustadi wa kazi yake. Akiona kifaa hakifai, aseme, na ikiwezekana aandike. Karatasi moja yenye tarehe, namba ya gari, njia iliyotumika kufunga na kiasi kilicholipwa humlinda yeye sawasawa na inavyomlinda mteja. Kwa maoni yetu gereji ya Kizwite itakayoanza kutoa karatasi hiyo haitakosa wateja.

Yeyote aliyeuziwa kwa maneno ya uongo aanze kwa kumwandikia muuzaji, akitaja anachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa au kutengenezewa. Akipuuzwa, alete kwetu nakala ya barua hiyo, risiti na picha. Spoila yenyewe asiitupe.

Tutapokea maswali sasa. Baada ya hapo, wenye magari yaliyokwisha kufungwa spoila wayasogeze hapa uwanjani na wafungue buti. Tutatazama bolti kutoka upande wa ndani, na mtu mmoja atakanyaga breki huku mwingine akisimama nyuma.