Heshima ni ya Mtu, si ya Kiti
Maneno ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na walimu wa Muyama



Lipo neno la Kiingereza ambalo kila aliyepita shuleni analifahamu, nalo ni "respect". Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu mara moja: heshima. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Maneno mawili yaweza kukutana katika kamusi kama wasafiri wakutanavyo njia panda, kisha kila moja likashika njia yake. Mtumishi wa wananchi asipoiona tofauti hiyo, hudai kwa Kiswahili kitu ambacho Kiswahili hakikumpa.

"Respect" limetokana na Kilatini, na asili yake ni kugeuka na kumtazama mtu mara ya pili. Mwenye uzito katika neno hilo ni yule anayetazamwa: ana cheo, ana elimu, ama ana mali, na ndiyo maana watu wamegeuka. Heshima limetokana na Kiarabu, na asili yake huko ni haya na staha. Hapa mwenye uzito ni yule aliye na staha. Ndiyo sababu Mswahili akisema, "Mtoto huyu ana heshima," hana maana kwamba mtoto anaheshimiwa, bali kwamba anajua kuwaheshimu wengine. Vile vile mtu mzima akitukana hadharani husemwa kwamba amejivunjia heshima. Hakuna aliyemvunjia, ameivunja mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa katika mwenendo wake.

Watu wa ofisini hulikuta neno hilo la Kiingereza katika sura nyingine pia. Barua inaposema "with respect to", haimheshimu mtu yeyote. Maana yake ni "kuhusu" basi. Na msemaji anapoanza kwa "with due respect", wasikilizaji hujiweka tayari kupingwa. Mtindo huo umekwisha kuingia katika mikutano ya Kiswahili: mtu hutanguliza "kwa heshima na taadhima", kisha humdhalilisha mwenzake. Ni dhahiri kwamba neno laweza kubaki mdomoni wakati kitu chenyewe kimekwisha kuondoka.

Watu wa nyanda za juu za Kigoma hawana haja ya kuelezwa maana ya kunyimwa heshima. Zamani, katika tawala za Heru, Muhambwe na Buyungu, mtu alipimwa kwa nasaba na kwa ng'ombe, na asiye na ng'ombe alimtumikia aliye nao. Ukoloni ulipokuja uliongeza kipimo chake. Maelfu ya wanaume wa Kiha kutoka Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, na huko waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba. Baba wa watoto aliitwa "boi" na kijana aliyelingana na mwanawe. Waliomwita hivyo hawakukosa kulijua neno "respect". Walilijua sana, ila waliamini kwamba linawahusu watu wa daraja fulani.

Nchi huru iliamua vingine. Mwaka 1963 vyeo vya machifu viliondolewa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, katika kutaja imani za TANU, liliweka karibu na mwanzo kabisa imani kwamba kila mtu anastahili heshima. Jambo la kutia moyo kwa mwalimu wa lugha ni hili: katika toleo la Kiingereza neno moja halikutosha. Yaliandikwa mawili, "dignity" na "respect". La kwanza ni thamani aliyo nayo mtu kwa kuwa ni mtu; la pili ni jinsi anavyotendewa. Kiingereza kimeyatenga, hata mkubwa akaweza kulikubali la kwanza katika hotuba na kulikataa la pili dirishani kwake. Kiswahili kimeyafunga pamoja. Katiba nayo, katika ibara ya 12 iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 1984, imeiunganisha heshima ya kila mtu na utu wake, wala haikutaja cheo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwenda mbali zaidi, ukamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Baada ya hapo wafanyakazi katika baadhi ya viwanda vya Dar es Salaam waliacha kazi, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa matusi ya mameneja. Kumbe mtu aliye maskini wa fedha aweza kuona kwamba kutukanwa ni hasara kubwa kama kupunjwa mshahara.

Muyama, iliyokuwa sehemu ya Kasulu na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe, ina mafunzo yake katika jambo hili. Asubuhi watu husalimiana, "Mwakeye," na katika salamu za Waha wote wawili hupiga makofi taratibu. Mdogo hutangulia na mkubwa hupokea, lakini mikono ya mkubwa nayo hufanya kazi. Salamu ya upande mmoja haijawa salamu.

Sasa mama mkulima wa kahawa ashuke mlimani mwendo wa saa mbili kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Asalimu asijibiwe. Aambiwe, "Wewe mama, subiri," naye anayemwambia anatazama simu. Au baba afike shuleni akiwa na udongo wa shamba miguuni, akemewe mbele ya mtoto wake. Mtoto huyo atakuwa amefundishwa siku ile somo lisilokuwamo katika silabasi: kwamba elimu ni ngazi ya kumpandia mzazi.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi akijishusha atadharauliwa, na kazi ya Serikali haitatendeka. Hao wamechanganya heshima na woga. Mwenye kuogopa huitikia "ndiyo" mbele ya meza, kisha akifika nyumbani hutenda apendavyo. Mwenye kuheshimiwa husema ukweli, hata ule mchungu, na bila ukweli wa wananchi hakuna mpango utakaofanikiwa kijijini. Wahenga walisema heshima si utumwa. Basi anayeitoa hapungukiwi na kitu.

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, neno Mheshimiwa limeenea hadi katika ofisi za kata, na Ndugu limebaki zaidi katika vikao vya Chama. Neno Mheshimiwa lenyewe si baya. Ubaya ni pale anayeitwa hivyo anaposahau kwamba mwananchi aliye mbele yake naye anastahili kuheshimiwa, kwa imani ile ile na kwa Katiba ile ile.

Hapana budi, basi, kila mtumishi ajiulize swali kwa Kiswahili. Asiulize tu kama anapewa heshima, bali kama anayo. Jibu halipatikani katika barua ya uteuzi. Hupatikana katika mambo madogo ya kila siku: salamu iliyojibiwa, kiti kilichosogezwa kwa mzee, fomu iliyosomwa na kuelezwa kwa asiyejua kusoma, mzazi aliyesikilizwa faraghani. Kiti cha ofisi hutolewa kwa barua na huondolewa kwa barua. Lakini mtumishi aliyewastahi watu wa Muyama, hata akihamishwa, wao wataendelea kumtaja kwa jina lake.