Wagonjwa Waliofichwa na Wastani

Msikilizaji, saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi Tanzania na Kenya. Wengi wa baba zetu hufika hospitali ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Leo nazungumzia hesabu za kompyuta, kwa sababu ndizo zilizofichua jeni moja kubwa ya ugonjwa huu.

Karibu seli zetu zote zina jeni zilezile. Kinachotofautiana ni jeni zipi zimewaka, na kwa nguvu gani. Jeni ikiwaka hutoa RNA, na RNA hupimika. Kipande kidogo cha uvimbe hutoa vipimo vya maelfu ya jeni kwa mara moja. Kwa miaka mingi watafiti walichukua wastani wa wagonjwa, wakaulinganisha na wastani wa tishu zenye afya, wakaifuata jeni iliyopishana sana.

Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa walipopotea. Jeni ikiwaka kupita kiasi kwa wagonjwa 10 kati ya 100, na kwa 90 ikatulia, wastani hupanda kidogo tu. Wale 10 wanamezwa.

Mwaka 2005 Scott Tomlins, akiwa bado mwanafunzi katika maabara ya Arul Chinnaiyan, Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alishirikiana na wenzake kuipindua hesabu hiyo. Kwa kila jeni, kipimo cha mgonjwa wa katikati walikifanya sifuri, kisha kompyuta ikawasaka wachache walioruka juu mno. Vipimo vyenyewe vilikuwa vimeshakusanywa na watafiti wengine kabla yao. Majina mawili yakaibuka: ERG na ETV1. Tena mgonjwa ambaye moja iliwaka, nyingine kwake ilikuwa kimya! Walipochunguza uvimbe wenyewe wakakuta ERG imeungana na TMPRSS2, jeni ya kromosomu ileile ya 21 inayowashwa na homoni za kiume. Ndiyo maana ERG haikuzimika tena. Kabla ya hapo, muungano wa aina hiyo ulihesabiwa kuwa hasa jambo la saratani za damu na chache nyingine adimu.

Sasa sikiliza linaloniuma. Muungano huo hupatikana kwa karibu nusu ya wagonjwa wenye asili ya Ulaya. Kwa wanaume weusi waliopimwa, wenye nao ni wachache zaidi. Basi uvimbe wa mzee wa Tanga au Kisumu unasukumwa na nini? Kompyuta haiwezi kumwona ambaye vipimo vyake havimo, na katika hazina kubwa za data za saratani duniani, sisi ni wachache mno.

Vipande vyetu vingi vya uvimbe huwekwa kwenye formalini, kisha kwenye nta. Kwa darubini inatosha, lakini RNA huharibika. Wizara za afya zitenge fedha za majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri katika hospitali za rufaa, na za kuwasomesha vijana wetu hesabu hizi. Na mgonjwa aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa, aambiwe kipande chake kinakwenda wapi na nani atakichunguza.