Rangi ni kazi ya mwisho

Maneno ya memba wetu, fundi wa mbao, mbele ya mkutano wa mwezi, hapa Baraka



Mnajua kwamba vijana wetu wanne wameomba mkopo kwenye kasha ya shirika. Wanataka kununua makabati na meza za okazyo, wazitengeneze upya, waziuze. Komite imeniomba niwaeleze kazi hiyo. Nasema wazi: ni kazi inayolisha. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, juu ndilo lililonifundisha.

Useremala nilijifunzia kambini Lugufu. Tuliporudi kwa mashua kutoka Kigoma, nyumba yangu haikuwa na hata kiti. Nikaanza kununua vyombo vya watu wanaohama. Siku moja nikapata kabati la vyombo, mbao ya libuyu, kwa dola 20. Ilikuwa wakati wa mvua, na mimi nilikuwa na haraka ya feza ya shule. Nikalipangusa kwa kitambaa kikavu, nikapaka rangi ya mafuta, ya kijani, mara mbili siku ile ile. Liling'aa kweli! Nikaliuza dola 45 kwa mama mmoja wa hapa, yeye hakukimbia, alibaki miaka yote ile ya vita.

Juma la tatu rangi ikaanza kutoka kama ganda la muhogo. Mama akalileta mlangoni kwangu kwa mkokoteni. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Nilifikiri ninyi wa kambi mlirudi na ufundi.»

Ile neno ilinichoma kuliko matusi. Hakusema «wewe». Alisema «ninyi». Nami niliona kabisa kwamba nimewauza ninyi wote pamoja na lile kabati.

Basi nikalifungua upya. Kilichoharibu ni vitu vitatu: mafuta ya jikoni yalikuwa yamelowa kwenye mbao, verni ya zamani ilikuwa bado inateleza chini ya rangi, na mbao yenyewe ilikuwa na unyevu. Rangi haikupata mahali pa kushika.

Kwa hiyo, vijana, shikeni utaratibu huu.

Kwanza, kagua kabla ya kutoa feza. Geuza kabati, gonga miguu, tazama nyuma. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya unadondoka, wadudu bado wamo. Chomeka msumari: ukizama kama kwenye ndizi, ubao huo unabadilishwa, haupakwi.

Pili, osha kwa sabuni na maji kidogo, usiliogeshe. Liache kivulini mpaka likauke kabisa. Wakati wa mvua ni siku nyingi. Wa kiangazi ni chache. Jua kali litapasua mbao.

Tatu, kaza viungo. Toa kole ya zamani, tia mpya, funga kwa kamba, ikaze kwa kijiti, uache mpaka kesho. Kole iliyomwagika ifute palepale.

Nne, sugua. Msasa, ile mafundi wa huku wanaita papievere, una namba nyuma. Anza na 80, fuata 120, maliza na 180. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao; ukikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana siku zote. Na tahadhari: rangi za zamani sana zinaweza kuwa na plombi, sumu kwa watoto. Usizisugue kavu. Lowesha, funga mdomo kwa kitambaa, watoto wakae mbali.

Hapo ndipo unachagua. Kuna rangi ya kunywesha, inayoingia ndani ya mbao na kuacha nyuzi zionekane. Hiyo haifichi kitu: kiraka kitaonekana, na mahali kole ilipokauka patabaki doa jeupe. Ijaribu kwanza upande wa chini, paka, kisha futa inayobaki juu. Ikikauka, tia verni nyembamba mara mbili au tatu, ukisugua kidogo katikati. Na kuna rangi ya kufunika. Hiyo inataka rangi ya msingi kwanza, halafu mikono miwili myembamba, kila mmoja ukauke vizuri kabla ya mwingine. Kwa rangi ya mafuta, ngoja siku nzima.

Kabati la yule mama, chini ya kijani nilikuta milango ya libuyu safi, nyekundu, nzuri sana. Niliinywesha na kuitia verni. Fremu, iliyokuwa na viraka, niliipaka rangi. Kazi ya siku tisa. Faida yangu yote iliisha. Nililirudisha bila kuomba franka moja, na mpaka leo liko kwake.

Jambo moja la usalama: vitambaa vyenye mafuta ya rangi msivirundike kwenye pembe ya nyumba. Vinaweza kupata moto vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke.

Sasa ombi langu kwa komite. Wapeni vijana mkopo. Lakini wekeni sharti: chombo chochote kilichonunuliwa na feza ya kasha yetu, fundi mwingine akikague kabla ya rangi, kingali uchi. Rangi ikishapita, sisi sote ni vipofu. Na mnunuzi aambiwe: mguu huu tulibadilisha, hapa kuna kiraka. Bei itashuka kidogo, ndiyo. Lakini tunaishi na watu waliotungoja na wengine ambao hawakutungoja, na wote wanatuangalia mikono.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize, na anayetaka kuona, Jumamosi asubuhi nitakuwa kwangu nasugua meza. Aje na msasa wake.